Mlima Ambao Haukuwepo

Swali lilikuwa na mchoro mdogo tu. Mstari unapanda kutoka kona ya kushoto, unalala kidogo, halafu unashuka hadi chini. Mhimili wa chini uliandikwa "wakati (dakika)" na ule wa wima "umbali kutoka nyumbani (mita)". Chini yake sentensi moja: eleza safari ya mtu huyu. Alama sita.

Nilifurahi. Swali la hisabati lisilo na hesabu! Nikaandika kwa mbwembwe: mtu huyu alipanda mlima mkali, alipofika kileleni akatembea kwenye uwanda akivuta pumzi, kisha akateremkia upande wa pili mpaka bondeni. Nadhani niliweka na upepo. Karatasi iliporudi, pembeni mwa insha yangu palikuwa na sifuri na maneno matatu ya wino mwekundu: "Mlima uko wapi?"

Nililichukua kama kejeli, nikakunja karatasi. Ilipita miaka ndipo nikang'amua kuwa lile lilikuwa swali kamili lenye jibu lake, na lau ningelijibu siku ileile, yaani nikaurudia mchoro na kuutafuta huo mlima kwa kidole, ningeokoa muda mwingi. Mhimili mmoja ulikuwa na dakika. Mwingine ulikuwa na mita za kutoka nyumbani. Hapakuwa na kimo cha ardhi popote. Mlima niliuleta mimi.

Nilichofanya baada ya hapo ndicho wanachofanya wanafunzi wengi wanaotaka kufaulu: nilikariri. Mstari ukilala, amesimama. Ukipanda, anakwenda. Ukishuka, anarudi. Ukiwa mkali, ana kasi. Sentensi nne, zikaniletea alama zangu zote na hakuna aliyenishuku, hata mimi mwenyewe. Mpaka siku tulipoletewa grafu ya mwendokasi na wakati. Mstari umelala kwenye mita 4 kwa sekunde, na mimi bila kupepesa macho nikaandika: amesimama. Kumbe mwenzangu alikuwa anakata mbuga, haongezi wala hapunguzi. Sentensi zangu nne hazikujua kusoma mihimili. Zilijua kuangalia umbo tu, kama nilivyouangalia ule mlima.

Nasimulia haya kwa sababu sasa ndiye mimi ninayeshika chaki, na kila mwaka nauona mlima uleule ukiota kwenye madaftari ya watoto ambao hawajawahi kukutana.

Kilichonifungua macho hakikuwa kitabu. Nilikuwa chuoni, najifunza ualimu, na mkufunzi wetu alikuwa mtu wa maneno machache. Siku hiyo alitutoa darasani, akalaza tepu ya kupimia kwenye korido na kuchora alama ya chaki kila mita, kuanzia 0 hadi 10. Mmoja akapewa saa, kazi yake kutaja sekunde kwa sauti: mbili, nne, sita. Mwingine akapewa chaki. Kila sekunde inapotajwa, achore nukta sakafuni pale ncha ya kiatu cha anayetembea ilipo. Anayetembea nilikuwa mimi. Nikapewa kipande cha karatasi chenye grafu, wengine wasiione, niitembee, nao waichore upya kutokana na zile nukta.

Grafu yenyewe ilikuwa ya kitoto. Inaanzia mita 2, inafika mita 6 kwa sekunde 8, inalala sekunde 4, halafu inashuka hadi sifuri kwa sekunde 3. Nikaenda kusimama kwenye alama ya 0, mguu sawa, nikingoja saa.

"Anza tena," mkufunzi akasema kabla sijainua mguu.

Nikauliza nimekosea nini na sijaanza. Akanionyesha karatasi yangu mwenyewe. Mstari ulikuwa unaukata mhimili wa wima kwenye 2, na mimi nimesimama kwenye 0. Nilikuwa nimefaulu mitihani ya milinganyo, naijua ile herufi ya mwishoni inayosimama peke yake, ile c ya y = mx + c, nimeiandika mamia ya mara. Sikuwahi kuwaza kwamba ina maana ya mahali pa kusimama kabla saa haijaanza kuhesabu.

Nikasogea hadi mita 2. Saa ikaanza. Nikatembea mwendo wangu wa kawaida, na sekunde ya nne ikanikuta tayari niko mita 6, sekunde nne nzima kabla ya wakati. Mita 4 kwa sekunde 8 ni nusu mita kwa sekunde, na hakuna mtu mzima anayetembea hivyo isipokuwa anamvizia mtu. Ikabidi nirudie kwa kunyata. Kisha kusimama sekunde nne huku watu thelathini wanakutazama, na hizo ni ndefu kuliko zinavyoonekana kwenye karatasi. Kisha kurudi mita 6 kwa sekunde 3, mita 2 kwa kila sekunde, ambako nilirudi mbiombio nikampita yule wa chaki, nukta zake zikaangukia asikokusudia.

Waliponichora ubaoni, mchoro ulifanana na karatasi yangu isipokuwa kwenye kona. Karatasi ilikuwa na kona kali kama za boksi. Zangu zilikuwa za mviringo, kwa sababu mwili hauwezi kutoka kwenye mwendo hadi kusimama bila kupita katikati. Kona za vitabuni ni za kurahisisha kuchora. Hilo hakuna aliyewahi kuniambia, na nadhani ni vibaya kutowaambia watoto, maana wapo wanaolishuku na kuona haya kuuliza.

Halafu mkufunzi akachora mstari wa wima, umenyooka juu kama nguzo, kwenye sekunde ya 5, kutoka mita 3 hadi mita 6. "Tembea huu."

Nikajipanga. Nikasimama mita 3, nikangoja sekunde ya tano, nikaruka. Nikatua mita 4 na ushei, na yule wa saa akawa ameshasema sita.

"Sekunde ya tano uko mita 3," mkufunzi akasema, "na sekunde hiyohiyo uko mita 4, na 5, na 6."

"Anatakiwa kuwa pacha," akasema mmoja wetu.

"Pacha hawatoshi," akajibu mwingine. "Hapo inatakiwa foleni nzima."

Tulicheka sana, na katikati ya kicheko ndipo jambo likaniingia. Kila nukta kwenye mstari ule ni jibu la swali moja tu: wakati huu, uko umbali gani? Mstari si njia niliyopita. Njia yangu ilikuwa korido, imenyooka, haina mlima wala bonde, na nilipotoka mita 6 kwenda 0 nilikanyaga vigae vilevile nilivyokanyaga wakati wa kwenda. Mstari ni msururu wa majibu. Ukiusoma kama njia, umeshapotea kabla hujaanza.

Tangu niajiriwe, zoezi la korido sijaliacha hata mwaka mmoja, pamoja na malalamiko ya madarasa jirani kuhusu kelele. Lakini korido haimalizi kila kitu, na kuna mambo ambayo ni wanafunzi walionifundisha.

La kwanza ni la lugha yetu wenyewe. Ule ukali wa mstari, yaani unapanda kiasi gani kwa kila hatua moja ya kwenda kulia, vitabu vyetu huuita mteremko. Ni neno zuri, lakini linatoka mlimani moja kwa moja, na tena linashuka! Unamwambia mtoto kwamba mstari unaopanda una mteremko chanya, naye anakutazama kama uliyemwambia apande kwa kushuka. Mwaka mmoja kijana alisimama akauliza kwa adabu zote: "Mwalimu, kama unapanda, kwa nini usiitwe mpando?" Sikuwa na jibu. Siku hizi, kabla ya kulitaja neno mteremko, nazungumza kwanza kwa maneno marefu: "ameongeza mita ngapi kwa kila sekunde?" Baada ya wiki moja ya swali hilo naleta neno la kitabuni, likiwa jina tu la kitu ambacho tayari wanakijua. Nikilianza neno, mlima unarudi.

Neno "umbali" nalo lina mtego, na mtego wake ni mbaya zaidi kwa sababu hauonekani. Umbali gani? Wa kutoka pale nilipoanzia, au jumla ya nilizotembea? Kwenye korido nilitoka mita 2 hadi 6, nikarudi hadi 0. Jumla nilitembea mita 10, lakini nilimaliza nikiwa mita 0. Mstari unaoshuka una maana kwenye umbali wa kutoka mahali fulani. Jumla ya njia haishuki kamwe: mita ya gari inayohesabu kilomita haipungui ukirudi nyuma, hata ukiiombea. Nimeona maswali ya mitihani yaliyoandika "umbali" peke yake na mstari ukashuka, na nimeona mtoto makini akikosa alama kwa kudai mchoro huo hauwezekani. Kwa jinsi swali lilivyoandikwa, yeye ndiye aliyekuwa sahihi.

Kuna kosa moja ambalo sikulitarajia nilipoanza kazi, nalo ndilo sugu kuliko yote. Nilichora waendesha baiskeli wawili. Wa kwanza anaanza akiwa kilomita 12 mbele, anakwenda kilomita 10 kwa saa. Wa pili anaanzia sifuri, kilomita 16 kwa saa. Nikauliza: saa moja baada ya kuanza, nani ana kasi zaidi?

Binti mmoja wa dawati la nyuma, anayejibu mara chache lakini kwa uhakika, akasema wa kwanza.

"Kwa nini?"

"Mstari wake uko juu, Mwalimu."

Darasa zima likaafiki. Na kweli ulikuwa juu: saa moja baadaye wa kwanza yuko kilomita 22, wa pili yuko 16. Lakini juu hapo ni mbele tu. Kasi haikai kwenye kimo cha mstari, inakaa kwenye ukali wake, na macho ya binadamu huona kimo kwanza. Nikauliza swali la pili: hapa mistari inapokatana, baada ya saa 2, kwenye kilomita 32, kuna nini?

"Wana kasi sawa," akasema yuleyule binti.

Sikumkatalia. Nikamwambia afumbe macho, awaone wote wawili barabarani, yule wa nyuma ndio anamfikia wa mbele. "Anapomfikia, anapunguza?"

Akakaa kimya muda mrefu. "Hapana. Anampita."

"Basi kasi zao?"

"Ziko vilevile. Ila..." akafumbua macho, "wako pamoja."

Wako pamoja, mahali pamoja na wakati mmoja. Sikuweza kulisema vizuri zaidi ya hapo, na nimekuwa nikilisema kwa maneno yake tangu siku ile. Karne ya 19 Mfaransa Étienne-Jules Marey alichapisha grafu ya treni za kati ya Paris na Lyon: vituo vimepangwa kwa wima kulingana na umbali, saa zimepangwa kwa ulalo, na kila treni ni mstari unaokatiza karatasi. Treni ya haraka ina mstari mkali, ya polepole ina mstari uliolegea, inayosimama kituoni inaacha kipande kilicholala. Na mistari ya zinazokwenda inakatana na ya zinazorudi karatasi nzima, kila mkato ni treni mbili zinazopishana. Nikiwaonyesha watoto mchoro ule nawauliza treni fulani itapishana na ngapi kabla haijafika. Wanahesabu mikato kwa ncha ya kalamu, na kwenye mikato mingine zile treni mbili zina kasi tofauti kabisa. Hapo habari ya kasi sawa inakufa yenyewe.

Data za kweli zina ladha ambayo treni za kubuni za vitabuni hazina. Ninayoipenda kuliko zote ni ya sekunde 9.58. Usain Bolt, Berlin, 16 Agosti 2009, mita 100. Muda wake ulipimwa kila mita 20: mita 20 kwa sekunde 2.89, mita 40 kwa 4.64, mita 60 kwa 6.31, mita 80 kwa 7.92, mita 100 kwa 9.58. Nukta tano tu, na sifuri ya kuanzia. Nawapa darasa karatasi ya miraba na hizo nukta, halafu naondoka mbele nikae nyuma yao.

Kabla hawajachora, nauliza: alikuwa na kasi kubwa zaidi wapi? Karibu wote husema mwishoni, kwa sababu mwishoni ndipo mtu anapokaza. Wanachora. Mstari unaanza umelegea, unanyanyuka, halafu kuanzia mita 20 unaonekana kama umenyooka kwa rula. Wanabishana, na jicho haliwezi kuamua. Ndipo wanapolazimika kugawa. Mita 20 za kwanza kwa 2.89 ni mita 6.92 kwa sekunde. Kipande kinachofuata, sekunde 1.75, ni 11.43. Kisha 1.67, yaani 11.98. Kisha 1.61, yaani 12.42. Na cha mwisho, 1.66, yaani 12.05. Amepunguza! Mtu mwenye kasi kuliko wote waliowahi kupimwa alikata utepe akiwa tayari ameshaanza kupoa. Kila mwaka kuna anayekagua mara mbili kwa kikokotoo kwa kuhisi nimemdanganya.

Wastani wake, 100 kugawa kwa 9.58, ni mita 10.44 kwa sekunde. Nawaambia waunganishe nukta ya kwanza na ya mwisho kwa rula. Mstari huo ulionyooka ni mkimbiaji mwingine wa kubuni, asiyechoka wala asiyehitaji kuanza, anayekwenda 10.44 mwanzo mwisho na kufika wakati mmoja na Bolt. Mbio nzima Bolt yuko nyuma yake, chini ya mstari, anamkimbiza mpaka wakutane kwenye nukta ya mwisho. Na kuna kitu kidogo kinachofichwa na nukta tano: bunduki ilipolia, Bolt alikaa sekunde 0.146 kabla ya kuanza kusukuma. Kwa hiyo mstari wa kweli hautoki sifuri ukipanda. Unaanza kwa kulala, kidogo sana, kiasi ambacho kalamu ya risasi inakifunika.

Kuhusu wastani, acha niseme langu kabla wengine hawajalisema. Mwaka wangu wa pili kazini nilisimama ubaoni na gari linalokwenda kilomita 60 kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa na kurudi kwa kilomita 30 kwa saa, nikauliza wastani wa mwendokasi. Kwa haraka nikajumlisha nikagawa kwa mbili: 45. Kijana wa mstari wa mbele akanyoosha mkono akaomba aje kuichora. Akachora saa 1 ya kwenda, saa 2 za kurudi. Kilomita 120 kwa saa 3. "Ni 40, Mwalimu." Gari limekaa muda mrefu zaidi kwenye mwendo wa polepole, na grafu inalionyesha hilo bila kubembeleza: mstari wa kurudi unakula upana mara mbili. Nilifuta ubao polepole kuliko ilivyohitajika.

Makosa ya saa na dakika sitayakalia sana, kila mwalimu anayajua. Saa 1 na dakika 20 ikiandikwa 1.2, gari lililokwenda kilomita 80 linapata kilomita 66.7 kwa saa badala ya 60. Dawa yake ni kuandika dakika zote kwanza, basi.

Kutoka kwenye umbali na wakati, mtaala unavuka hadi uhusiano wa mstari kwa jumla, yaani vitu viwili vyovyote ambavyo grafu yao ni mstari ulionyooka, na hapo watoto wengi wanaona somo jipya wakati ni lilelile. Mkimbiaji ninayemtumia kuvukia ni Eliud Kipchoge, Vienna, 12 Oktoba 2019: kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Kasi ilipangwa iwe kama dakika 2 na sekunde 50 kwa kila kilomita, sekunde 170. Sasa zidisha: 170 mara 42.195 ni sekunde 7,173 na kidogo, yaani saa 1, dakika 59 na sekunde 33. Mlinganyo wa kuzidisha tu, usio na kingine chochote, umekosea mbio za zaidi ya kilomita 42 kwa sekunde saba. Ukimchora Kipchoge karibu na Bolt, Bolt ndiye mwenye mstari uliopinda na Kipchoge ndiye rula.

Lakini angalia nilichofanya hapo. Nimeweka muda upande wa wima na kilomita chini, kwa sababu wakimbiaji wa mbali husema dakika kwa kilomita. Mihimili imebadilishana viti, na sasa mstari mkali zaidi ni wa mtu anayekwenda polepole zaidi. Nawaachia darasa mtego huo makusudi. Anayekumbuka "mkali ni kasi" kama kasuku ananaswa, anayesoma mihimili anapita.

Kisha tunaihamisha ile namba ya mahali pa kusimama. Radi: unaona mwale, unahesabu sekunde hadi ngurumo, sauti inakwenda karibu mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Sekunde zikirudufika, umbali unarudufika; mstari unatoka sifuri. Halafu joto: kutoka Selsiasi kwenda Farenhaiti unazidisha kwa 1.8, unaongeza 32. Mstari umenyooka vilevile, lakini 10 inakuwa 50, na 20 inakuwa 68, si 100. Umerudufu huku, kule hakukurudufika. Kwa nini? Kwa sababu mstari huu haukuanzia sifuri, ulianza ukiwa umeshasimama kwenye 32, kama mimi nilivyopaswa kusimama kwenye mita 2. Watoto waliopita koridoni hulipata hili kwa haraka kiasi cha kunishangaza. Waliokosa siku ile huhangaika nalo muhula mzima.

Na mshumaa. Sentimita 24, unapungua sentimita 3 kila saa: urefu ni 24 toa 3 mara saa. Nikauliza baada ya saa 10 una urefu gani. Mmoja akaandika, kwa hati nzuri, hasi 6. Nikamwomba atuonyeshe kwa mikono mshumaa wa hasi 6. Akafikiri, akacheka mwenyewe: "Unadaiwa, Mwalimu." Mlinganyo hauna habari kwamba mshumaa ulizimika saa ya 8. Anayejua ni mwenye kuutazama mshumaa.

Muhula uliopita nilirudi kwenye swali langu la zamani. Nilikuwa nalikumbuka neno kwa neno, nikalichora ubaoni kama lilivyokuwa: unapanda, unalala, unashuka. Eleza safari ya mtu huyu. Mvulana mmoja mgeni, aliyehamia wiki hiyo na hakuwa amepita koridoni, akanyoosha mkono kabla ya wote.

"Mwalimu, huyu kapanda mlima."

Waliomtangulia wakaanza kuguna. Nikawanyamazisha.

"Mlima uko wapi?" nikamuuliza, na nikasikia sauti yangu ikilisema swali lile, safari hii bila wino mwekundu.

Akaja mbele. Akaweka kidole kwenye kilele, akakitelezesha kushoto mpaka kwenye mhimili wa wima, akasoma polepole yaliyoandikwa kwa ubavu: umbali, kutoka, nyumbani. Kidole kikabaki pale. Akakirudisha kileleni, akakiteremsha tena.

"Basi hapa juu si juu," akasema. "Ni mbali."

"Ni mbali."

"Na hapa palipolala..." Akageuka kunitazama. "Amekaa tu?"

Nyuma walikuwa wameshaanza kusogeza madawati kupata njia ya kutoka. Nikatafuta tepu kwenye droo, nikampa yeye chaki.